Julian Bond: Mwakilishi aliyechaguliwa mara tatu ndipo akaruhusiwa kuapa

Asubuhi ya Jumatatu, Januari 10, 1966, wawakilishi wapya wa Bunge la jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, waliitwa kula kiapo mjini Atlanta. Mmoja wao aliambiwa na karani akae pembeni. Jina lake Julian Bond, umri miaka 25, zikiwa zimebaki siku nne atimize 26. Wapiga kura wa eneo namba 136 walikuwa wamemchagua Juni ya mwaka uliotangulia, na hakuna aliyesema kura ziliibwa. Umri ulitosha, makazi yake yalikuwa Atlanta, na kiapo cha kuilinda Katiba alikuwa tayari kukila. Tatizo lilikuwa jibu alilompa mwandishi wa habari wa redio siku chache kabla.

Bond alikuwa msemaji wa SNCC, kamati ya wanafunzi iliyokuwa ikipigania haki za watu weusi kwa njia ya amani, ambayo wenyewe waliitamka “Snik”. Januari 3 mwaka huo, mwanachama wao Sammy Younge, mwanafunzi wa Tuskegee aliyewahi kutumikia jeshi la majini, aliuawa kwa risasi katika kituo cha mafuta huko Alabama baada ya kutokea ugomvi juu ya kutumia choo cha Wazungu. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa tamko. Serikali inayosema inapigania uhuru wa watu wa Vietnam, walisema, inashindwa kulinda uhuru wa raia wake weusi nyumbani, na wao wanawaunga mkono vijana wasiotaka kuandikishwa jeshini kwenda kwenye vita hivyo. Bond hakuliandika tamko lile. Alipoulizwa na yule mwandishi kama analiunga mkono, alijibu kwamba ndiyo.

Kilichofuata kilikwenda mbio. Wawakilishi 75 walitia saini malalamiko ya kutaka asiapishwe. Kamati maalumu ikakaa siku hiyo hiyo, ikasikiliza kanda ya mahojiano, ikamhoji mwenyewe. Alisema anavutiwa na ujasiri wa wale wanaochoma kadi zao za kuandikishwa jeshini, ila yeye kadi yake hajaichoma wala hajamwambia mtu yeyote achome yake. Haikusaidia. Ilipofika jioni Bunge lilipiga kura: 184 walitaka afungiwe mlango, 12 wakapinga.

Mtu anayeijua historia ya Georgia hakuhitaji kushangaa. Mwaka 1868, muda mfupi baada ya utumwa kufutwa, Bunge hilo hilo liliwafukuza wajumbe wake weusi kwa hoja kwamba Katiba iliwapa haki ya kupiga kura lakini haikusema wanaweza kushika madaraka. Mmoja wa waliofukuzwa, Henry McNeal Turner, alisimama akawajibu kwa hotuba ambayo bado inasomwa. Walirudishwa baadaye kwa mkono wa serikali kuu, lakini sheria za kuwanyima weusi kura zilikuja kumaliza kazi, na mwanzoni mwa karne ya 20 hapakubaki hata mwakilishi mmoja mweusi. Ukame huo ulidumu hadi 1962, Leroy Johnson alipochaguliwa kuwa seneta wa jimbo. Bond na wenzake wa mwaka 1965 ndio waliourudisha uso mweusi katika Baraza la Wawakilishi baada ya zaidi ya nusu karne.

Alitoka katika ukoo wa watu waliojua shule imegharimu nini. Babu yake aliitwa James Bond (ndiyo, jina lile lile, miaka mingi kabla ya mpelelezi wa sinema) na alizaliwa mtumwa Kentucky mwaka 1863. Akiwa kijana wa miaka 15, asiyejua vizuri kusoma wala kuandika, alifunga kamba ng’ombe dume aliyekuwa ndiyo ada yake, akatembea naye mwendo wa maili 100 hadi Chuo cha Berea. Chuo kilimpokea, naye akahitimu mwaka 1892. Julian alikisimulia kisa hicho maisha yake yote katika hotuba zake, na ukikisikia unaelewa kwa nini hakuwahi kuzungumza kama mtu anayeomba kukaribishwa.

Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa msomi na mkuu wa kwanza mweusi wa Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, chuo walichosoma Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Kwame Nkrumah wa Ghana. Nyumbani kwao W.E.B. Du Bois alikuwa mgeni wa kawaida. Julian alizaliwa Nashville, Tennessee, Januari 14, 1940, akakulia kwenye maeneo ya vyuo alivyoongoza baba yake, akasoma sekondari ya Waquaker, kisha mwaka 1957 akaingia Chuo cha Morehouse, Atlanta. Huko alipata kuhudhuria darasa la falsafa lililofundishwa na Martin Luther King Jr.

Kwa asili hakuwa mtu wa vurumai. Alipenda mashairi na kuandika. Februari 1960 alikuwa kwenye duka la dawa ambalo wanafunzi walilifanya kijiwe chao, mwenzake Lonnie King alipomwekea gazeti mezani: wanafunzi weusi huko Greensboro wamekaa kwenye mgahawa wa Wazungu na wamekataa kuondoka. King alitaka kujua kwa nini jambo hilo lisifanyike Atlanta. Bond alisema bila shaka kuna mtu atalifanya. King akamjibu kwamba watu hao ni wao, kisha akamgawia upande mmoja wa duka azungumze na wanafunzi waliokaa pale, yeye akashika upande wa pili. Machi wakachapisha magazetini tangazo la kudai haki, na siku chache baadaye Bond aliongoza kundi lililokwenda kwenye mkahawa wa makao makuu ya Jiji. Polisi wakamkamata. Aprili alikuwa Raleigh, North Carolina, kwenye mkutano ulioitishwa na mama Ella Baker ambapo SNCC ilizaliwa. Mwaka 1961 aliacha chuo kabisa akawa mkuu wa mawasiliano wa kamati hiyo. Shahada yake ya Kiingereza aliifuata miaka 10 baadaye.

Kazi yake kwenye SNCC haisimuliwi sana kwa sababu haina picha nzuri. Wenzake walikuwa wanapigwa Mississippi na kusini mwa Georgia; yeye alikuwa ofisini Atlanta, karibu na simu na mashine ya kurudufishia. Kijana wa harakati akikamatwa, kanisa likichomwa, taarifa ilipigwa Atlanta, nayo ofisi ya Bond iliiandika kwa lugha safi isiyotiwa chumvi na kuisukuma kwa magazeti, kwa wabunge wa Washington na kwa wizara ya sheria. Polisi wa wilaya akijua kwamba jina la mtu aliyemfungia ndani limekwisha kufika New York, mkono wake unakuwa mzito kidogo kumuua. Nadhani hapo ndipo Bond alipojifunza siasa: kusema jambo lilivyo, kwa sauti ya kawaida, na kumwachia anayesikiliza aone aibu mwenyewe.

Afrika Mashariki iligusana na kundi hili mapema. Desemba 1963, siku chache baada ya Kenya kupata uhuru, Jaramogi Oginga Odinga, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alifika Atlanta akiwa mgeni wa serikali ya Marekani. Vijana wa SNCC walikwenda kumsalimia hotelini. Walipotoka waliingia kwenye mkahawa wa jirani wa Toddle House, wakanyimwa huduma kwa kuwa ni weusi, wakakaa chini, wakakamatwa. Waimbaji wao walimtungia Odinga wimbo uliobeba jina lake, ukaimbwa kwenye mikutano ya Kusini nzima. Mwaka uliofuata Bond alikuwa katika ujumbe wa SNCC uliokwenda Guinea kwa mwaliko wa Rais Sékou Touré, pamoja na Fannie Lou Hamer na John Lewis. Bond alirudi nyumbani. Lewis na mwenzake Donald Harris waliendelea na safari hadi Nairobi, ambako walikutana na Malcolm X.

Nafasi ya ubunge ilifunguliwa na mahakama. Kwa miaka mingi mgawanyo wa viti Georgia uliwapendelea wakulima wa Kizungu wa vijijini na kuwabana watu wa mijini. Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba kura ya mtu mmoja iwe na uzito sawa na ya mwingine, maeneo yakachorwa upya na Atlanta ikapata viti vipya. SNCC ilikuwa na mashaka na siasa za uchaguzi, lakini Bond aligombea kwa tiketi ya Democratic, na alifanya kampeni kwa namna ambayo wanasiasa wa huko hawakuizoea: alipita nyumba hadi nyumba kwenye mitaa ya wafanyakazi weusi akiwauliza watu wenyewe wanataka mwakilishi wao afanye nini. Walimtajia mishahara, nyumba mbovu, barabara. Ilani yake ikabeba kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa. Alishinda kwa kura nyingi.

Baada ya kufungiwa mlango, alikwenda mahakamani. Martin Luther King Jr. aliungana naye kama mlalamikaji na akaongoza maandamano hadi kwenye Bunge. Mmoja wa mawakili alikuwa Howard Moore, shemeji yake Bond, mume wa dada yake Jane. Jopo la majaji watatu Atlanta lilimkatalia kwa kura mbili dhidi ya moja. Wakati huo kiti kikawa wazi, na Februari 1966 ukaitishwa uchaguzi wa kukijaza. Bond akasimama tena. Hakuna aliyempinga. Kamati ya Bunge ikakataa tena kumpokea mpaka afute kauli yake, naye hakuifuta. Novemba ukaja uchaguzi mkuu wa kawaida, akashinda kwa mara ya tatu.

Hoja ya Georgia mbele ya Mahakama ya Juu inafaa isomwe kwa makini kwa sababu haijafa. Unaisikia hata leo kwa lafudhi nyingine. Walisema hawamwadhibu kwa maoni. Walichotilia shaka ni kama kiapo chake kitakuwa cha kweli, na kwamba mwakilishi anatakiwa awe na utii wa juu kuliko raia wa kawaida, kwa hiyo hata kauli ambayo raia anaruhusiwa kuitoa, yeye anaweza kunyimwa kiti kwa kuitoa. Desemba 5, 1966, majaji wote tisa waliikataa. Jaji Mkuu Earl Warren, aliyeandika hukumu, aliigeuza hoja ile juu chini: mwakilishi anapaswa kuwa na uwanja mpana wa kusema juu ya masuala yenye ubishi kwa sababu waliomchagua wana haki ya kujua amesimama wapi. Wingi wa wajumbe hauwezi kutumia kiapo kama chujio la kuwaondoa wasiopendeza. Januari 9, 1967, Bond aliapishwa.

Kesi hiyo inaitwa Bond dhidi ya Floyd. Floyd ni James “Sloppy” Floyd, mwakilishi mzoefu aliyekuwa mstari wa mbele kumzuia. Georgia ilikuja kumwenzi Floyd kwa kulipa jina lake jengo kubwa la serikali karibu na Bunge, pamoja na hifadhi ya mapumziko. Kila jimbo na mashujaa wake.

Mwaka huo huo wa 1966, upande wetu wa dunia, Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais wa Kenya na kuingia chama cha upinzani cha KPU pamoja na kundi la wabunge waliohama KANU, chama tawala. Katiba ilibadilishwa kwa haraka Aprili ili mbunge anayekihama chama kilichomdhamini apoteze kiti, na Juni wote wakatakiwa kurudi kwa wapiga kura katika uchaguzi mdogo wa viti 29. KPU iliambulia 9, Odinga mwenyewe akiwa miongoni mwa walionusurika. Mambo haya mawili hayalingani moja kwa moja. Nairobi walikuwa na hoja kwamba wapiga kura walichagua chama pamoja na mtu. Atlanta Bond hakuhama chochote. Lakini swali ni lile lile: kiti cha bungeni ni cha nani? Tanzania hadi leo mbunge akivuliwa uanachama na chama chake anapoteza kiti, hata kama watu wa jimboni kwake bado wanamtaka. Wapo wanaoutetea utaratibu huo kwa jina la nidhamu ya chama. Mimi naona unawapa wajumbe wachache wa kikao cha chama uwezo ambao Mahakama ya Juu ya Marekani iliunyima Bunge zima la Georgia.

Umaarufu wa kunyimwa kiti ulimzidi ukubwa mwakilishi wa eneo dogo la Atlanta. Mwaka 1967 alitoa kitabu cha katuni cha kupinga vita vya Vietnam, kwa lugha ambayo kijana wa mtaani angeielewa. Agosti 1968 alikwenda Chicago kwenye mkutano mkuu wa Democratic akiongoza ujumbe mbadala wa Georgia, kupinga ule uliopangwa na watu wa Gavana Lester Maddox, mbaguzi asiyejificha. Viti viligawanywa kati ya pande mbili. Kabla mkutano haujaisha jina lake likapendekezwa kwa nafasi ya mgombea mwenza wa urais. Ilibidi asimame aseme hapana: Katiba inataka miaka 35, yeye alikuwa na 28.

Bungeni alikaa miaka 20: Baraza la Wawakilishi hadi katikati ya miaka ya 1970, kisha Seneti ya jimbo hadi 1987. Alihusika kama mtoa hoja au mshiriki katika miswada zaidi ya 60 iliyokuwa sheria, na alishiriki kuunda umoja wa wabunge weusi wa Georgia. Hata hivyo haki itendeke: hakuwa fundi wa korido. Bunge la Georgia hukaa takriban siku 40 kwa mwaka, posho yake ndogo, na Bond alijipatia riziki kwa kuhutubia vyuoni nchi nzima. Wenzake walilalamika kwamba anaonekana zaidi kwenye majukwaa ya mbali kuliko kwenye kamati, na lalamiko hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Mwanasiasa anayetaka lami ifike kijijini kwake lazima anywe kahawa na watu asiowapenda. Bond hakuwa na subira hiyo.

Lakini pale alipokaza kamba, aliacha alama. Ramani ya viti vya Congress ilipochorwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1980, alipigania eneo la tano, linalobeba Atlanta, liwe na wapiga kura weusi wengi vya kutosha kumchagua mtu wamtakaye. Bunge likapitisha mistari iliyowatawanya. Kwa kuwa Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 iliitaka Georgia ipate kibali kwanza, suala lilifika mahakamani Washington, na mwaka 1982 mahakama ikaona kwamba ramani ilikuwa imechorwa kwa nia ya kibaguzi. Ikachorwa upya.

Mwaka 1986 kiti hicho kikawa wazi. Bond alikitaka. John Lewis, rafiki yake wa SNCC, mtu waliyesafiri naye Guinea, naye alikitaka. Raundi ya kwanza ya kura za mchujo Bond aliongoza kwa asilimia 47 dhidi ya 35. Kampeni ya marudio ikawa chungu: Lewis, mtoto wa mkulima aliyepigwa virungu kwenye daraja la Selma, alimchora mwenzake kama mtoto wa wasomi anayependa majukwaa, kisha kwenye mdahalo akamtaka wakapime wote dawa za kulevya. Bond alikataa akisema ni udhalilishaji. Septemba Lewis alishinda kwa asilimia 52 kwa 48. Wapiga kura weusi wengi walimpa Bond. Wazungu wa Atlanta ndio waliomvusha Lewis. Eneo ambalo Bond alilipigania Lewis alilishika hadi alipofariki Julai 2020. Urafiki ulichukua miaka kupona.

Watu wengi wangeishia hapo. Bond aliondoka Seneti mwanzoni mwa 1987, na mwezi ule ule sauti yake ikaanza kusikika kwenye televisheni kote Marekani akisimulia Eyes on the Prize, mfululizo wa filamu za historia ya harakati ambao shule za huko bado zinautumia. Alifundisha Chuo Kikuu cha Virginia kwa zaidi ya miaka 20. Kuanzia 1998 hadi 2010 alikuwa mwenyekiti wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Hakukubali haki za watu weusi zitenganishwe na za wengine, na hilo lilimgharimu marafiki: mwaka 2006 hakuhudhuria mazishi ya Coretta Scott King kwa sababu yalifanyika katika kanisa ambalo mchungaji wake alipinga haki za mashoga, na baadaye alikuwa miongoni mwa walioisukuma NAACP hadi ikatoa tamko la kuunga mkono ndoa za jinsia moja mwaka 2012. Wapo waumini weusi waliokasirika sana. Februari 2013, akiwa na miaka 73, alikamatwa nje ya Ikulu ya Marekani akipinga bomba la mafuta la Keystone. Alifariki Agosti 15, 2015, Florida.

Aprili 6, 2023, Bunge la jimbo la Tennessee liliwafukuza wawakilishi wawili vijana weusi, Justin Jones na Justin Pearson, kwa kuongoza maandamano ndani ya ukumbi baada ya watoto kuuawa kwa risasi shuleni Nashville. Kesi hiyo ni tofauti, kwa kuwa wao walivunja kanuni za ukumbi na Bond hakuvunja yoyote, lakini jina lake lilirudi magazetini siku hiyo hiyo. Ndani ya wiki moja mabaraza ya kwao yaliwarudisha wote wawili, na Agosti wakashinda uchaguzi wa kujaza viti hivyo. Hukumu ya Bond dhidi ya Floyd, iliyotolewa bila jaji hata mmoja kupinga, bado ni sheria Marekani.